Kumtafutia Leah Nafasi Chuo cha Misitu

Tangu nirudi, siwezi kufika dukani hapa Kimumu bila mtu kunisimamisha na kuniuliza ilikuwaje. Walimu wenzangu nao wananiuliza kila mapumziko, na kengele inalia kabla sijafika hata Nakuru. Kwa hiyo nimekaa chini niandike yote mara moja. Anayetaka kujua asome, na mimi ninywe chai yangu ikiwa bado moto.

Mnaonijua mnajua nafundisha kilimo katika shule ya upili upande wa Sugoi. Kati ya wanafunzi wangu alikuwako msichana anaitwa Leah, mtoto wa Mzee Birech. Siku moja, nikiwa nimejaza ubao vipimo vya mbao za msipresi, Leah aliinua mkono akaniuliza, "Mwalimu, mti unaweza kunywa chemchemi ikauke?"

Darasa lilicheka. Yeye hakucheka. Kwao kulikuwa na chemchemi ambayo mama yake alichota tangu aolewe hapo, na sasa ilikuwa imebaki tope. Baadaye nilijua kisa chenyewe. Afisa wa misitu alikuja na miche ya mikaratusi, akauliza baba yuko wapi, akaambiwa ameenda Eldoret. Aliteremsha miche, akawasha pikipiki, akaenda zake. Hakumwambia mama neno. Mama na Leah waliipanda pale walipoona ardhi ni laini, kando ya chemchemi.

Nililitafuta jibu vitabuni bila kulipata. Vitabu vyetu viliandikwa wakati msitu ni wa serikali na shamba ni la ngano, kwa hiyo mti wa nyumbani haukuwa na ukurasa wake. Leah alimaliza kidato cha nne akiwa wa kwanza katika kilimo, akasema anataka kusomea misitu. Tuliulizia, tukajibiwa kwamba vyuo vya misitu vinachukua wavulana tu.

Ndipo walimu wa kilimo kutoka wilaya mbalimbali wakaitwa kwenye chuo kimoja cha misitu, huko vilima vikavu vya Ukambani, kuzungumza namna ya kubadilisha masomo. Mkuu wa shule yetu alimchagua Mwalimu Gitau, ambaye amefundisha kilimo miaka mingi kuliko sisi wote, na akanichagua mimi. Nilienda na mtoto wangu Chebet mgongoni, kwa sababu alikuwa bado ananyonya. Nilienda pia na neno moja moyoni, nalo ni Leah.

Eldoret hadi Cheptiret

Mume wangu Kiprop alitusindikiza hadi stendi ya mabasi, akambusu mtoto, akaniambia nisisahau kula. Mwalimu Gitau alikuwa amefika mapema, amevaa koti lake la sufi na kofia, ameshika mfuko wa viazi vikuu anavyompelekea dada yake Nairobi.

Basi lilitoka vizuri, likafika Cheptiret, likakataa kuendelea. Dereva alifungua boneti, moshi ukatoka. Alituambia tushuke tukanywe chai, mambo ni madogo.

Tulikunywa chai. Kisha tukanywa nyingine. Mama mwenye hoteli alikuwa mwenyeji wa hapo, na alipomwona Chebet alimchukua mikononi mwangu bila kuniuliza, akamzungusha hotelini akimwonyesha wateja kama ni mjukuu wake. Alituletea mursik kwenye vikombe vya bati. Nilimtazama Mwalimu Gitau kwa wasiwasi, maana watu wa kwao wengine hawapendi maziwa yale yenye mkaa. Yeye alikunywa kikombe chote, akafuta masharubu.

"Mzee, wewe si Mkikuyu?" mama yule akamwuliza.

"Ni Mkikuyu," akasema. "Lakini nimeishi Uasin Gishu tangu niwe kijana. Hii nilifundishwa na jirani."

"Basi ongeza," mama akasema, akamjazia.

Jua lilikuwa kichwani tulipopanda tena.

Kupanda Timboroa

Kutoka hapo barabara inapanda na baridi inaingia. Mwalimu Gitau alikaa dirishani. Alitazama nje, kisha akaanza kunionyesha.

"Pale kwenye zile nyumba za mabati. Pale nilikuwa naleta wanafunzi kuona kombaini ikivuna. Ngano ilikuwa inakwenda mpaka macho yachoke."

Niliangalia. Niliona vishamba vya mahindi vilivyopakana na sukumawiki, ng'ombe mmoja amefungwa kwa kamba, ua la michongoma, kisha shamba jingine la namna hiyo hiyo, na jingine.

"Waligawana shamba," nikasema.

"Waligawana, na watoto wao watagawana tena. Na mimi mpaka mwaka jana nilikuwa nafundisha kurekebisha plau ya trekta." Aliniinamia karibu. "Jerono, nitakuambia kitu usikipeleke shuleni. Nilitaka kuandika barua ya kustaafu muhula huu, kabla hawajaleta hayo masomo mapya. Sitaki kusimama mbele ya watoto nikiwa nimesoma kitabu usiku ili niwafundishe asubuhi."

"Mimi nafanya hivyo kila siku, Mwalimu."

"Wewe ni kijana. Kwako ni sawa."

Yeye ndiye aliyenipokea nilipoajiriwa, akanipa chaki za rangi alizokuwa amezificha kabatini, na akakaa nyuma ya darasa langu la kwanza ili wavulana wasinisumbue. Chebet aliamka akaanza kulia. Gitau alivua koti lake, akamfunika, akamwimbia kwa Kikuyu wimbo ambao sikuelewa neno lake hata moja, na mtoto akatulia. Alikuwa amelea watoto sita na kumzika mke. Mikono yake ilijua kazi hiyo.

Barabara iliyofungwa

Karibu na Nakuru askari alitusimamisha. Akasema mkubwa wa serikali anapita. Hakuna aliyeuliza ni mkubwa gani. Siku hizo ukiambiwa mkubwa anapita, unazima gari unangoja.

Wanafunzi wa shule za karibu walikuwa wamepangwa pande zote mbili za barabara, kila mmoja na tawi mkononi la kupunga. Matawi yalikuwa mabichi. Mwalimu Gitau alishuka kunyoosha miguu, nami nikamfuata. Nyuma ya watoto ulikuwa uwanja wa shule, na kando ya ua miche ya mivule na misindano iliyofika kiunoni, imevunjwa vunjwa karibu yote.

Msichana mdogo aliyekuwa karibu nasi alikuwa ameshika kilele cha msindano.

"Mliipanda nyinyi?" Gitau akamwuliza kwa upole.

"Ndiyo, Mwalimu. Siku ya kupanda miti." Sijui alijuaje kwamba ni mwalimu.

"Na wewe ulipanda huu?"

"Wangu ni ule pale," akasema, akionyesha mche uliobaki mzima katikati ya iliyovunjika. "Nimechukua wa Njoroge."

Gitau alimpapasa kichwa. Magari yalipita haraka, madirisha yamefungwa, watoto wakapunga na kuimba, kisha barabara ikawa wazi. Tuliporudi kwenye basi alisema jambo moja tu, na alilisema kwa sauti ya chini kwa sababu ya watu waliokuwa wamekaa mbele yetu: "Tunawafundisha kupanda. Hatujawafundisha mti ni wa nini."

Nairobi tulilala kwa dada yake, ambaye alifurahia vile viazi vikuu kuliko alivyotufurahia sisi. Asubuhi tulipanda basi la kwenda Ukambani.

Kwenye lango la chuo

Ardhi ilibadilika rangi, ikawa nyekundu, na miti ikawa na miiba. Joto lilimtoa Chebet vipele shingoni. Tuliteremka na vumbi mpaka kwenye kope.

Karani wa chuo, kijana nadhifu mwenye tai, alimpokea Mwalimu Gitau kwa mikono miwili, kisha akanitazama mimi na mtoto.

"Mzee, karibu sana. Lakini samahani, mkeo hatuna mahali pa kumweka. Huu ni mkutano wa walimu."

Gitau aliweka mfuko wake wa nguo chini. "Huyu si mke wangu. Huyu ni Mwalimu Koech. Mimi nimemsindikiza."

"Koech ni jina la mwanamume," karani akasema. "Nimemwekea kitanda karibu na chako."

"Basi kitanda hicho kitalala peke yake," Gitau akasema.

Karani aliona haya mpaka nikamhurumia. Alieleza kwamba chuo tangu kijengwe hakijawahi kuwa na mwanamke wa kulala humo, hata choo cha wanawake hakuna. Alikimbia huku na huku, mwishowe akatupeleka kwa Mama Mwende, mwalimu wa shule ya msingi anayekaa karibu na lango.

Kwa Mama Mwende

Mama Mwende alikuwa mjane wa makamo, mrefu, mwenye sauti ya chini. Binti yake ameolewa Mombasa, kwa hiyo chumba cha binti kilikuwa tupu, kitanda kimetandikwa kana kwamba anarudi jioni. Alinipa beseni la maji nimwogeshe mtoto. Nilipomaliza nikatoka nje kuyamwaga, kama tunavyofanya kwetu, ambako mvua haijui kukaa mbali.

"Ngoja, Mwalimu," akaniambia. Alichukua beseni, akayamwagia taratibu mche wa mpapai mlangoni, na yaliyobaki akaupa mwembe mchanga nyuma ya jikoni. "Hapa maji yanafanya kazi mara mbili," akasema, akacheka. Aliniambia anawafundisha hivyo watoto wa darasa lake, kila mmoja aje shuleni na jina la mti wake, na asimulie unakunywa nini.

Alitupikia muthokoi. Mwalimu Gitau, aliyekuja kula nasi, alipoona mahindi na maharagwe alifurahi, "Ah, githeri." Mama Mwende akamweleza kwamba huku mahindi hutwangwa kwanza yatoke maganda, na kwamba hiyo si githeri hata kidogo. Walibishana juu ya maganda mpaka sufuria ikaisha. Kwa mara ya kwanza tangu Eldoret nilimsikia akicheka kwa sauti.

Ndipo nikamweleza Mama Mwende habari za Leah. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kesho sema," akasema. "Usingoje waulize, kwa sababu hawataulizia hilo."

Mkutanoni

Asubuhi ilikwenda kwa hotuba ya ufunguzi ya afisa mmoja kutoka wilayani, aliyetuambia tuwe na umoja. Kisha mkuu wa chuo, Bwana Mutua, akasimama. Alikuwa mtu mwungwana, mwenye miwani mizito. Alisema wazi kwamba wanafunzi wake wanajua kuhesabu magogo, lakini wakienda kwa mkulima mwenye ekari mbili hawana la kumwambia. Akataka kila mwalimu aseme mkulima wa kwake anahitaji nini.

Zamu yangu ilipofika nilisimama na Chebet kifuani. Niliwasimulia kisa cha chemchemi. Niliwaambia juu ya afisa aliyeuliza baba yuko wapi, akawasha pikipiki. Niliwaambia kwamba kwetu baba anaweza kuwa Eldoret, au Nairobi, au kwenye mashamba ya chai, na anayepanda, anayepalilia na anayetafuta kuni ni mama. Nikasema, "Mkibadilisha vitabu na mkaendelea kufundisha wavulana peke yao, maafisa wenu watafika na elimu nzuri, watauliza baba yuko wapi, na watarudi nayo."

Wengine waliguna. Chebet, kwa sababu ya sauti yangu au joto, akaanza kulia. Nilimbembeleza, akazidi. Mtu mmoja nyuma akasema, "Mama, toka kwanza, utarudi akinyamaza."

Nilikuwa karibu kutoka, nawaambia ukweli. Miguu yangu ilikwishageuka. Lakini Mwalimu Gitau aliinuka kwenye kiti chake, akaja mbele ya watu wote, akanyoosha mikono.

"Nipe mtoto," akasema. "Wewe maliza."

Alitoka naye. Kupitia dirishani nilimwona akitembea kati ya vitalu vya miche, kofia yake imemkinga mtoto jua, anamwonyesha majani. Nilimaliza. Nilitaja jina la Leah, nikasema yuko nyumbani Sugoi, anangoja.

Bwana Mutua alivua miwani akaifuta.

"Mwalimu, sikatai unayosema. Lakini msichana huyo atalala wapi? Mabweni yangu yote ni ya wavulana. Tunakwenda kambini msituni. Mzazi akiniuliza, nimjibu nini?"

Nilikaa chini nikihisi kwamba nimeshindwa kwa jambo dogo kama kitanda.

Wakati wa chakula cha mchana nilimkuta Mwalimu Gitau chini ya kivuli cha kibanda cha miche, Chebet amelala begani pake, anazungumza na mwalimu mmoja wa chuo. Aliniita. Alikuwa amemwuliza lile swali la chemchemi, na jibu alikuwa amelipata: ndiyo, mti unaweza; mikaratusi haifai kukaa karibu na maji, ikatwe na visiki ving'olewe, na mahali pake upandwe mti wa asili usio na kiu kali.

"Nimejifunza leo," akaniambia. Uso wake ulikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona. "Na nitawafundisha watoto Jumatatu. Nitawaambia nimejifunza juzi tu."

Jioni Mama Mwende aliuliza mambo yalikwendaje, nikamwambia yaliishia kwenye kitanda. Alijifunga leso, akavuka barabara, akaenda moja kwa moja nyumbani kwa Bwana Mutua. Mimi na Mwalimu Gitau tulibaki tukichambua mchele. Aliporudi aliendelea kupika kama aliyetoka dukani.

"Nimemwambia atalala hapa," akasema. "Chumba cha Mwende. Na wakienda kambini, shule zikiwa zimefungwa nitaenda naye. Zikiwa zimefunguliwa, nitamtafutia mama wa kwenda naye."

"Naye amesemaje?"

"Amesema aje kwa mahojiano pamoja na wavulana. Akipita, ameingia. Asipopita, arudi nyumbani kama wao."

Nilimkumbatia huku mikono yangu ina vumbi la mchele. Mwalimu Gitau alitoka nje, akasema anaangalia kama mvua itanyesha. Mbingu haikuwa na wingu hata moja.

Kurudi

Njia ya kurudi haikuwa na mengi. Mvua ilitupokea Timboroa, basi likaenda polepole ndani ya ukungu, na watu waliovaa nguo za Nairobi wakaanza kutafuta masweta. Mwalimu Gitau alilala, kifuko cha mbegu alichopewa chuoni kiko mfukoni. Nilipomwuliza habari za kustaafu, alifungua jicho moja.

"Nitastaafu wakati wangu ukifika," akasema. "Haujafika."

Sugoi

Sikupumzika. Kesho yake, Jumamosi, nilimwacha mtoto kwa Kiprop, nikaenda Sugoi. Nilimkuta Leah akikamua, na mama yake akipeta maharagwe. Mzee Birech alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya nyumba akitengeneza mpini wa jembe. Nilijua hata chuo kikikubali, bado yuko yeye.

Nilisimulia kila kitu nilichowasimulia ninyi. Nilimweleza kuhusu mikaratusi yake pia. Aliitazama chini bondeni, ilivyo mirefu, na sikuweza kusoma uso wake. Leah alisimama na ndoo ya maziwa mkononi.

"Huko ni mbali," Mzee Birech akasema.

"Ni mbali, Mzee."

"Watu wa huko si watu wetu."

"Si watu wetu. Lakini huyo mama alinipa kitanda cha mtoto wake, na alikuwa hanijui."

Alirudi kwenye mpini wake. Alikwaruza, akapuliza vumbi la mti, akakwaruza tena. Mama Leah aliacha kupeta. Nikafikiri juu ya safari yote ile na kwamba pengine inaishia hapa, kwenye kimya cha baba mmoja.

"Mwalimu," akasema mwishowe, bila kuinua kichwa. "Huko ni baridi kama hapa?"

"Hapana. Ni joto sana."

Alimgeukia mke wake.

"Basi blanketi moja itamtosha," akasema. "Mpe ile mpya."